Kugawa Shamba na Njia ya Umeme

Wasomaji wengi wa gazeti hili hutoka katika nyumba zenye shamba, na kila shamba lina siku yake ya kugawanywa, upende usipende. Babu hufariki, watoto huwa watu wazima, mji hukua mpaka ukaifikia mihogo, na ardhi iliyokuwa moja hukatwa vipande. Siku hiyo wazee hukaa chini ya mwembe, hupima kwa hatua au kwa kamba, hupanda miti ya mpaka, kisha kila mtu huenda zake akiamini ya kuwa kazi imekwisha. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini kazi haijaisha. Mpaka waweza kuwa sawa kabisa, tena wa haki kwa kila ndugu, na bado mmoja wao akabaki gizani miaka mingi, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali moja dogo: nguzo za umeme zitapita wapi?

Sikulijua swali hilo katika vitabu. Nililijua nyumbani kwetu, upande wa Ayivu, kando ya njia itokayo Arua kwenda Koboko. Nitaeleza yaliyotupata, lakini kwanza ni lazima tujue umeme wenyewe umetoka wapi na unasafiri namna gani.

Umeme ulikuja polepole

Bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Maji yaliyozungusha mitambo yake ni ya mto Nile, mto ule ule uliotupa sisi jina la West Nile. Lakini nyaya za Jinja hazikuvuka mto kuja kwetu. Mji wa Arua ulitegemea mitambo yake ya mafuta, na taa ziliwaka kwa saa chache tu. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECo ilipewa kazi ya kuleta umeme katika West Nile. Mwaka 2012 kituo cha maji cha Nyagak, karibu na Paidha katika wilaya ya Zombo, kilianza kutoa umeme wa megawati 3.5. Mwishowe, mwaka 2024, laini kubwa ya volti 132,000 iliufikisha umeme wa nchi nzima Arua. Mwaka huo huo kilifunguliwa kituo cha Karuma chenye megawati 600. Ukihesabu tangu 1954 hadi 2024, utaona ya kuwa tulingoja miaka 70.

Zamani, basi, mtu aliyegawa shamba hakuwa na sababu ya kufikiri juu ya nguzo. Aliacha kinjia cha kupita mtu na mbuzi wake, ikatosha. Siku hizi mambo ni mengine. Bei ya kiwanja chenye umeme si bei ya kiwanja kisicho nao, na fundi cherehani, msaga unga, muuza soda baridi na mwanafunzi anayesoma usiku, wote wanautaka.

Safari ya umeme mpaka nyumbani

Umeme husafiri mbali ukiwa na volti nyingi, maana hivyo hupotea kidogo njiani. Katika laini kubwa kuna volti 132,000. Kituoni hupunguzwa kuwa volti 33,000, nao huenda kwa nguzo za mti mpaka vijijini na katika miji midogo. Karibu na nyumba zenu kuna sanduku la chuma lililofungwa juu ya nguzo, ndiyo transfoma. Hiyo huzipunguza volti tena ziwe 415 kwa nyaya tatu za moto, au 240 kwa waya mmoja wa moto pamoja na waya wa kurudi. Hizo 240 ndizo zinazoingia katika mita na kuwasha taa yako.

Katika safari hiyo tukumbuke mambo matatu. La kwanza, transfoma ina kiasi chake. Transfoma ya kVA 50 ni kama mtungi wenye kipimo: nyumba ishirini zikichota kidogo kidogo unatosha, lakini viwanja kumi na viwili vipya vikiongezwa, na katika kimoja mtu akaweka mashine ya kusaga, mtungi utakauka. Taa za wote zitafifia, au fyuzi itakatika. La pili, laini ndogo ya volti 240 haiwezi kuvutwa mbali sana na transfoma, kwa kuwa volti hupungua njiani. La tatu, nguzo husimama juu ya ardhi ya mtu. Kati ya nguzo na nguzo ya laini ndogo huwa kama mita 40 au 50, na kila nguzo ni lazima iwe na mahali pa kusimama, na mafundi wawe na njia ya kuifikia ikianguka usiku wa mvua.

Hilo la tatu ndilo lililotushinda sisi.

Yaliyotupata

Shamba la babu lilikuwa na upana wa mita 60 mbele, penye barabara, na urefu wa mita 200 kwenda nyuma mpaka penye kijito. Warithi walikuwa wanne: baba mkubwa, baba yangu, baba mdogo na shangazi. Wazee waliligawa kwa haki. Kila mmoja alipata kipande cha upana wa mita 60 na urefu wa mita 50, yaani mita za mraba 3,000. Baba mkubwa alipata cha mbele, kwa kuwa ni mkubwa. Shangazi alipata cha nyuma kabisa, naye akashukuru, maana ziko jamaa ambazo binti hapewi kitu.

Shangazi ni fundi wa kushona. Alijenga nyumba ya matofali, akaezeka mabati, akaenda ofisi ya umeme kuomba mita. Mpimaji wa ofisi alikuja, akatazama, akauliza, "Mama, nguzo zangu zitapita wapi?" Kutoka barabarani mpaka kwake zilitakiwa nguzo nne, zote juu ya viwanja vya kaka zake. Baba mdogo alikubali. Baba yangu alikubali. Baba mkubwa alikuwa amekwisha kuchimba msingi wa nyumba ya kupangisha, na msingi ule ulikuwa umekula nafasi yote ya upande mmoja, na upande wa pili alikuwa ameweka choo na kisima. Alisema, "Dada yangu, sikukatalii, lakini nguzo itasimama juu ya nini? Juu ya kitanda cha mpangaji?" Mpimaji akafunga daftari lake, akaenda zake.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipofanyika. Shangazi alimwita kijana mmoja, wa wale wanaoitwa kamyufu, yaani mafundi wasio na kibali. Kijana akaunga waya mwembamba katika nyumba ya baba mkubwa, akaupitisha juu ya vijiti na matawi ya miembe, mita 150, mpaka kwa shangazi. Taa zikawaka. Wote tulipiga makofi.

Tufanye hesabu kidogo, kama tunavyofundishwa darasani. Waya ule ulikuwa wa milimita 1.5 za mraba. Waya wa shaba wa unene huo una ukinzani wa karibu ohm 12 kwa kila mita 1,000. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu ni mita 300, na ukinzani ni karibu ohm 3.6. Shangazi akiwasha pasi na jiko dogo kwa pamoja, huvuta karibu ampea 10. Zidisha 10 kwa 3.6, utapata volti 36 zinazopotea njiani. Basi katika zile 240 zilimfikia kama 204 tu. Tena zile zinazopotea hazipotei bure, hugeuka moto: karibu wati 360 za joto zilizotawanyika katika waya uliokaa juu ya matawi makavu. Ndiyo sababu mota ya cherehani yake ilinguruma kama mtu mgonjwa, na plastiki ya waya ikalainika penye kila kiungo.

Siku moja ya mvua upepo uliangusha tawi, na waya ukalala katika majani. Mbuzi wawili walikufa palepale. Binti ya baba mdogo, mwenye miaka sita, alikuwa akiwafuata mbuzi wale, naye alikuwa nyuma yao kama hatua kumi. Sitaongeza neno. Usiku ule baba mkubwa mwenyewe aliuzima umeme katika nyumba yake, akaukata waya, akaita ndugu zake wote kukaa.

Dawa iliyopatikana

Katika kikao kile ilionekana ya kuwa hakuna aliyefanya ubaya. Waliogawa waligawa kwa haki, ila waligawa ardhi tu, wakasahau kugawa njia. Kwa bahati nzuri mawe ya mpimaji wa serikali yalikuwa hayajawekwa, na hati zilikuwa hazijaandikwa. Basi waliamua kugawa upya.

Kwa mfano wa hesabu, tuseme wanaacha njia ya upana wa mita 6 upande mmoja, kutoka barabarani mpaka kiwanja cha nyuma. (Upana halisi husemwa na ofisi ya mipango, nao waweza kuwa zaidi.) Kama mipaka ya zamani ingebaki, njia ile ingekula mita za mraba 300 kwa kila mmoja wa wale watatu wa mbele, na shangazi asingepoteza hata moja. Hiyo si haki. Kwa hiyo mipaka yote ilisogezwa kidogo kwenda nyuma, hata kila mtu akapungukiwa na kama mita za mraba 230, yaani chini ya sehemu moja katika kumi na mbili ya fungu lake. Baba mkubwa alipoteza zaidi ya hayo, kwa sababu ilimlazimu kuvunja choo na kukijenga mahali pengine. Ndugu zake walimchangia matofali.

Sehemu moja katika kumi na mbili! Hiyo ndiyo bei ya njia ikikumbukwa mapema. Ikikumbukwa baada ya nyumba kusimama, bei yake ni kuvunja nyumba, au kununua ardhi ya jirani, au kukaa gizani.

Mpango wa kufuata, hatua kwa hatua

Kutokana na mambo hayo nilimfuata baba katika ofisi nyingi, nikaandika niliyoyasikia. Nayapanga hapa ili yamfae mwingine.

Kwanza, kubalianeni nyumbani. Katika West Nile sehemu kubwa ya ardhi ni ya kimila, nayo ni moja ya namna nne za milki zinazotambuliwa na Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998. Ardhi ya kimila si ardhi isiyo na sheria. Huwezi kuuza wala kugawa ardhi ya jamaa ambayo mke au mume anaishi juu yake au anapata chakula chake humo bila ridhaa yake. Andikeni makubaliano, wote watie sahihi, na majirani wa kila mpaka wawepo pamoja na mwenyekiti wa LC1.

Pili, chora ramani ya mgawo kabla ya kuweka mawe. Onyesha barabara, njia ya kuingia kila kiwanja, nguzo zilizopo sasa, nyaya zinazopita juu, na miti mikubwa. Ramani hii ndiyo mama wa mambo yote yanayofuata.

Tatu, peleka ramani katika ofisi ya mipango. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 ilitangaza nchi nzima ya Uganda kuwa eneo la kupangwa, basi usidhani ya kuwa mipango ni kwa ajili ya Kampala peke yake. Arua ni jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, nalo lina sehemu mbili, Ayivu na Arua Central. Koboko ina manispaa yake. Nje ya miji kuna kamati za wilaya na za sabukaunti. Kamati huangalia kama kila kiwanja kina njia, na kama njia hiyo yatosha gari, maji na nguzo.

Nne, na hili ndilo watu wengi huliruka, andika barua kwa ofisi ya umeme, yaani kampuni yenye leseni ya kugawa umeme mahali penu. Ambatisha ramani. Uliza maswali haya: Je, kuna laini yenu inayopita juu ya ardhi yetu, na ni mita ngapi kila upande ambazo hatuwezi kujenga? Je, transfoma iliyo karibu inaweza kubeba viwanja hivi vyote, au itatakiwa nyingine? Laini mpya itapita wapi, na gharama ni kiasi gani? Nani atalipa nguzo, na baada ya kulipwa zitakuwa mali ya nani? Omba majibu kwa maandishi. Jibu la mdomo halina kumbukumbu. Afisa aliyelitoa akihamishwa, amekwenda nalo.

Tano, pata ridhaa ya kila mtu ambaye nguzo au waya utapita kwake, nayo iandikwe pia. Shirika au kampuni inayopitisha laini ya watu wengi juu ya ardhi yako haina ruhusa ya kukudhulumu. Katiba yataka malipo ya haki, yatolewe upesi, kabla mali ya mtu haijachukuliwa. Lakini hapa nasema juu ya laini ndogo mnayoiomba ninyi wenyewe, na hiyo husimama kwa wema wa jirani. Wema huo ukiandikwa, hata mwanawe atauheshimu.

Sita, baada ya ofisi ya mipango na ofisi ya umeme kukubali ramani ile ile moja, ndipo mwiteni mpima ardhi aliyesajiliwa aweke mawe. Njia iandikwe katika ramani kama njia, isibaki ahadi ya ndugu. Kwa ardhi ya kimila, maombi ya cheti huanza kwa kamati ya ardhi ya mahali, kisha huenda kwa bodi ya ardhi ya wilaya. Wanaotaka hati ya namna nyingine watafika mpaka ofisi ya ardhi ya kanda, ambayo nayo iko Arua.

Saba, kila nyumba ipate mita yake. Nyaya za ndani zifungwe na fundi mwenye kibali cha ERA, yaani mamlaka inayosimamia umeme katika Uganda, ambayo iliundwa kwa Sheria ya Umeme ya 1999. Mwombe akuonyeshe kibali chake, usione haya. Fundi wa kweli hachukii kuulizwa. Akimaliza atakupa cheti cha kazi yake, nacho ndicho ofisi ya umeme itakachokitaka.

Ukiona ofisi imekukawiza au imekuonea, peleka malalamiko kwanza kwa ofisi yenyewe kwa maandishi. Isipokujibu, nenda kwa ERA. Na juu ya hayo kuna baraza maalumu la kuamua mashauri ya umeme. Fedha yoyote unayolipa, ilipwe benki au mahali palipotajwa katika karatasi, upewe risiti. Mtu mwenye kofia ya plastiki na ngazi juu ya bodaboda si lazima awe mtu wa ofisi.

Habari za Koboko

Ukienda Koboko utaona jambo hili kwa sura nyingine. Koboko ilikuwa sehemu ya Arua mpaka mwaka 2005 ilipopata kuwa wilaya. Ni mji wa mpakani: Kongo iko upande mmoja na Sudan Kusini upande wa pili, na sokoni utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kiswahili na Kiarabu cha Juba katika duka moja. Wafanyabiashara hutoka mbali kununua viwanja, na wenye ardhi ya kimila huwakatia vipande kando ya njia.

Hatari ya mnunuzi ni hii. Tuseme mtu kanunua kiwanja kizuri karibu na njia ya kwenda Oraba. Akaona nguzo zimepita katikati yake, akafurahi moyoni, "Umeme nimeukuta mlangoni!" Hakujua ya kuwa nyaya zile ni za volti 33,000. Hizo haziwezi kuingia katika nyumba bila transfoma, tena ni mwiko kujenga chini yake. Mtu huyo kanunua kiwanja, lakini anachoweza kujengea ni nusu tu. Kumbe kiwanja cha jirani, ambacho hakina nguzo hata moja ndani yake lakini kiko hatua chache kutoka laini ndogo, kingemfaa zaidi. Kwa hiyo mnunuzi asihesabu nguzo tu, ajue kwanza ni nguzo za laini gani. Kwa kawaida laini ya juu hubebwa na vikombe vikubwa vya kauri au vya kioo, nayo haiendi nyumbani kwa mtu. Asiyejua aulize ofisi kabla hajatoa fedha, wala asipande nguzo kwenda kutazama.

Namna wengine wafanyavyo

Yafaa kutazama nje kidogo. Katika jimbo la New South Wales, nchi ya Australia, mtu akitaka kugawa ardhi kuwa viwanja, kwa kawaida baraza la mji humwambia alete kwanza karatasi kutoka kwa kampuni ya umeme, inayosema ya kuwa mipango ya kupeleka umeme katika kila kiwanja imekwisha kufanywa. Bila karatasi hiyo mgawo hauandikishwi. Maana yake ni ya kuwa mzigo umewekwa juu ya anayegawa, hauachiwi yule atakayenunua kiwanja cha mwisho huko nyuma.

Sisi tunaweza kuufuata ukali huo wenyewe bila kulazimishwa. Wazee wa ukoo wakisema, "Hakuna mti wa mpaka utakaopandwa mpaka barua ya ofisi ya umeme isomwe hapa chini ya mwembe," nani atawakataza? Sheria ya nyumbani huweza kutangulia sheria ya serikali, mradi isipingane nayo.

Kazi ya mwanafunzi

Labda msomaji atasema, "Mimi ni mtoto wa shule, mambo ya ardhi ni ya wazee." Ni kweli, na haifai kijana kusimama mbele ya wazee na kuwafundisha. Lakini tunayo mambo tunayoweza kuyafanya kwa adabu. Tunaweza kupima kwa utepe na kuchora ramani kwa kipimo, maana tumefundishwa katika jiografia. Tunaweza kuandika barua na kutunza nakala. Tunaweza kufanya hesabu ya volti na kumwonyesha mama kwa nini waya mwembamba hauwezi kwenda mbali. Na ukiuona waya umelala juu ya majani, usiuguse, usimwache mtoto wala mnyama kuukaribia, ita mtu mzima na ofisi ya umeme.

Mimi mwenyewe ndiye niliyeichora ramani ya pili ya shamba letu, kwa penseli, katika karatasi ya hesabu yenye miraba. Baba mkubwa aliitazama sana. Kisha akasema, "Mwanangu, kama ungalizaliwa miaka kumi kabla, choo changu kingali kinasimama." Wote wakacheka, hata shangazi.

Msidhani ya kuwa hadithi yetu imekwisha vizuri kama zile za vitabuni. Mpaka ninapoandika maneno haya nguzo hazijafika kwa shangazi. Anayo barua yenye muhuri, ramani iliyokubaliwa, sahihi tatu za kaka zake, na karatasi ya gharama ambayo wanaichangia ndugu wote wanne, kidogo kidogo kila msimu wa mavuno. Usiku anashona kwa taa ya jua. Lakini njia ipo. Ukisimama barabarani utaiona, nyeupe na nyofu, imepita kando ya nyumba ya baba mkubwa mpaka mlangoni pa dada yake, na hakuna mtu wa ukoo wetu atakayejenga juu yake.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Sisi tulikaribia kuujenga ukuta huo kwa uhai wa mtoto. Ninyi ambao mwembe wenu bado haujakaliwa na wazee, kumbukeni kuuliza lile swali dogo kabla ya mpaka kupandwa: nguzo zitapita wapi?